Katalogi za maktaba za vyuo zianze na maneno ya mwanafunzi

Mhariri,

Kila mwaka, wanafunzi wa mwaka wa nne wanapoanza kuandaa mapendekezo ya miradi yao, lawama ni ile ile kuanzia Njoro hadi Maseno, Kakamega hadi Bondo: vijana wa siku hizi hawaingii maktaba, wanakimbilia Google na kunakili. Sisi ambao kazi yetu ni kuorodhesha vitabu tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme kwamba sehemu kubwa ya lawama hiyo ni yetu. Katalogi zetu zinamfukuza mwanafunzi akiwa bado mlangoni. Anafungua ukurasa kwenye simu, anaandika maneno yake, anapata sufuri, anafunga. Kitabu kipo orofa ya juu, nakala tatu. Mashine imemwambia "hatuna" ilhali ilipaswa kumwambia "sijaelewa neno lako".

Tuangalie kinachotokea ndani. Mwanafunzi wa kilimo anaandika kwa Kiingereza kichwa chote cha mradi wake: athari za mabadiliko ya tabianchi kwa uzalishaji wa mahindi katika Kaunti ya Trans Nzoia. Google imemzoesha kuandika hivyo, na hana kosa. Lakini katalogi haisomi kurasa za kitabu. Inasoma rekodi fupi tu: kichwa, mwandishi, mchapishaji, mwaka, na vichwa vya mada viwili au vitatu. Koha, programu huria ambayo maktaba nyingi za vyuo nchini zinaitumia, kwa kawaida hutaka rekodi iwe na kila neno lililoandikwa. Ikikosa neno "athari" peke yake, basi rekodi nzima inaachwa, hata kama inahusu mahindi ya Trans Nzoia kitabu kizima.

Dawa ya hapo ni kulegeza sharti hilo kwa kipimo. Koha kwa kawaida hutafuta kwa injini iitwayo Zebra, lakini inaweza kuwekewa juu yake VuFind, programu huria iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani, inayotumia injini nyingine ya kutafuta, Solr. Katika VuFind unaweza kuamuru hivi: mtu akiandika maneno mawili, yote mawili yapatikane, akiandika matano, manne yanatosha, yakizidi hapo, asilimia fulani. Ila ukilegeza bila kupanga uzito, utamwaga takataka mbele ya msomaji. Neno likiwa kwenye kichwa cha kitabu lihesabiwe zaidi kuliko likiwa kwenye mada, na kwenye mada zaidi kuliko kwenye maelezo ya chini. Kichwa kinacholingana neno kwa neno na alichoandika mwanafunzi kiwe cha kwanza daima. Maktaba ikisahau hilo, anayetafuta kitabu kimoja anachokijua jina hukikuta ukurasa wa tatu, na hapo ndipo wahadhiri huamua kwamba mfumo mpya ni mbaya kuliko wa zamani.

Lakini kabla ya kugusa mipangilio yoyote, kuna kazi moja ambayo haihitaji bajeti: kusoma walichoandika wanafunzi wenyewe. Seva ya katalogi huhifadhi kila ombi, na katika Koha maneno ya mwanafunzi yamo ndani ya anwani ya ukurasa, baada ya herufi q na alama ya usawa. Chukua kumbukumbu za siku 30. Ondoa kwanza anwani za mashine (IP), maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu wanafunzi pia na hakuna haja ya kujua nani alitafuta nini. Panga maneno kwa wingi wake. Kumbukumbu hizo hazisemi kila utafutaji ulileta matokeo mangapi, kwa hiyo itabidi uyaandike tena maneno 200 ya juu kwenye katalogi, kwa mkono au kwa skripti ndogo, na kutenga yaliyotoka mtupu. Hayo yagawe mafungu manne: makosa ya tahajia, sentensi ndefu mno, vitabu ambavyo kweli hatuna, na jina tofauti la kitu kile kile. Fungu la tatu lipelekwe kwa wanaonunua vitabu. La nne ndilo letu, na ndilo tunalotaka kulizungumzia kwa urefu.

Chukua omena. Mwanafunzi wa Kisumu anayeandika mradi kuhusu wavuvi wa ziwa ataandika omena. Kitabu kilichochapishwa Tanzania kitasema dagaa, cha Uganda kitasema mukene, na cha mwanasayansi kitasema Rastrineobola argentea. Samaki ni mmoja. Mbuta ni sangara, ni Lates niloticus. Gugumaji lina jina la Kiingereza na jina la kisayansi. Kama rekodi ina jina moja tu kati ya hayo, wanafunzi watatu kati ya wanne watarudi mikono mitupu, na kila mmoja ataamini kwamba maktaba haina kitu kuhusu ziwa lililo mbele ya dirisha lake.

Ndivyo ilivyo pia kwa majina ya mahali. Kaunti 47 zilianza kazi 2013, baada ya Katiba ya 2010. Kila kilichoandikwa kabla ya hapo kimeorodheshwa kwa wilaya na mikoa. Anayeandika "Kaunti ya Homa Bay" au "Kaunti ya Migori" hatakutana na utafiti wa miaka ya sabini unaosema South Nyanza, wala wa Vihiga hatakutana na ulioitwa Kakamega wakati Vihiga ilikuwa sehemu yake. Mwanafunzi wa historia ndiye anayeumia zaidi. Nyaraka za wakoloni ziliwaita Waluo na Waluhya kwa jina moja la Kavirondo, na Kisumu yenyewe ilianza ikiitwa Port Florence. Vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambavyo vyuo vyetu vingi huvifuata, huandika Luyia. Mwanafunzi wa Mbale au Bungoma huandika Luhya, kwa sababu ndivyo watu wanavyojiita na ndivyo magazeti yanavyoandika. Herufi mbili, na rafu nzima inapotea.

Kuna njia mbili za kurekebisha, na zote zitumike. Kwa majina ya watu, makabila na mahali, tengeneza rekodi ya jina rasmi yenye vielekezi: anayeandika Luhya, Abaluyia au Baluhya apelekwe kwenye Luyia bila kuulizwa. Kwa istilahi za kienyeji, tumia uga wa 653 wa MARC (muundo sanifu wa kuandika rekodi za maktaba), uliotengwa kwa maneno yasiyo kwenye orodha rasmi, na uhakikishe kwamba uga huo umo kwenye faharasa ya mada. Wenzetu wengine wanaogopa kwamba 653 itageuka jaa. Hofu hiyo ina msingi: tumeona rekodi zenye maneno 30 yaliyotupwa ovyo. Kinga yake ni karatasi moja ya pamoja, jina rasmi upande wa kushoto na majina mengine upande wa kulia, na hakuna anayeongeza neno kabla halijaingia kwenye karatasi. Kichwa rasmi cha mada hakifutwi kamwe, maana ndicho kinachokusanya vitabu vya lugha zote mahali pamoja. Mkutubi mmoja akirekebisha rekodi 20 kila asubuhi, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 14 za muhula, atakuwa amemaliza 1,400. Akianza na ziwa, mahindi, miwa, chai na elimu, hizo 1,400 zitagusa sehemu kubwa ya miradi ya mwaka wa nne.

Sasa Kiswahili. Idara za Kiswahili katika vyuo vya magharibi zina wanafunzi wengi, na wao ndio waliotendewa vibaya kuliko wote. Programu za kutafuta zilitengenezwa na watu ambao lugha zao hubadilisha neno mwishoni. Ndiyo maana unafundishwa kuweka nyota mwishoni mwa neno la Kiingereza ili upate umoja na wingi pamoja. Kiswahili hubadilika mbele: mti na miti, kiazi na viazi, mwalimu na walimu, ugonjwa na magonjwa, jino na meno. Nyota ya mwishoni haisaidii lolote hapo. Ya mwanzoni ni mbaya zaidi. Tafuta neno linaloishia na "ti" na utaletewa miti, viti na makuti kwa pamoja. Kinachofanya kazi ni jedwali la ngeli. Katika Solr ni faili ya maandishi ya kawaida, kila mstari una maneno yanayohesabiwa kuwa sawa, yakitenganishwa kwa mkato: ugonjwa, magonjwa. Toa nomino 300 zinazojirudia zaidi katika vichwa vya vitabu vyenu vya Kiswahili na uanze nazo. Mwalimu wa sarufi anaweza kuzikagua kwa alasiri moja. Anayebaki na Zebra aweke umbo la pili kwenye 653.

Halafu ritifaa. Neno ng'ombe lina ritifaa iliyonyooka kwenye kibodi ya kompyuta, na simu nyingi huweka iliyopinda. Kwa mashine, hizo ni alama mbili tofauti. Jaribu leo kwenye katalogi yako: andika ng'ombe kwa alama moja, kisha kwa nyingine, kisha ngombe bila alama. Idadi ya matokeo ikitofautiana, faharasa yako haijasawazishwa, na tatizo hilo hilo linamkuta kila anayemtafuta Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye jina lake lina ritifaa na alama juu ya irabu mbili. Alama hizo zibaki kwenye rekodi, ni heshima kwa jina la mtu. Kinachosawazishwa ni faharasa peke yake. Kwa mwandishi huyu kuna la ziada: vitabu vyake vya mwanzo vilitoka kwa jina la James Ngugi, kwa hiyo kielekezi kati ya majina hayo mawili ni cha lazima.

Kosa la kimya kuliko yote limo katika msimbo wa lugha. Uga wa 008 una nafasi tatu, ya 35 hadi ya 37, za kuandika lugha ya kitabu, na Kiswahili ni swa. Mkutubi anayenakili kiolezo chenye eng na kusahau kubadilisha huifanya riwaya ya Kiswahili kuwa kitabu cha Kiingereza. Mwanafunzi akibofya kichujio cha lugha, kitabu kinatoweka. Toa orodha ya vitabu vyote vyenye kichwa cha Kiswahili na msimbo wa eng. Koha ina zana ya kuvirekebisha kwa mkupuo mmoja. Ni kazi ya siku chache yenye faida ya miaka. Na msidhani rekodi zilizonakiliwa kutoka Marekani zitatatua yote. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 na imeorodhesha vitabu vingi vya huku, lakini vichwa vyake vya mada ni vya Kiingereza. Diwani ambayo jina lake halina neno "shairi" haitaonekana kwa anayeandika ushairi. Ongezeni: ushairi, shairi, mashairi.

Tukitoka kwenye maneno, tuingie kwenye ukurasa wa matokeo. Mwanafunzi ana swali moja: kipo, na kiko wapi? Nambari ya rafu peke yake si jibu kwa wa mwaka wa kwanza. Hajui kwamba .K35 hutangulia .K5, kwa kuwa sehemu hiyo husomwa kama desimali. Atatafuta mbele, akikose, aondoke. Karibu na nambari paandikwe kwa maneno: orofa ya pili, upande wa kilimo, rafu ya 14. Rafu zenyewe ziwe na namba kubwa zinazoonekana kutoka kwenye ngazi, la sivyo maandishi hayo hayana kazi.

Nalo neno "kipo" liwe la kweli. Hakuna kinachoua imani haraka kama kupanda orofa mbili kufuata kitabu kilichopotea tangu miaka mitano iliyopita. Kitabu kikitafutwa na wafanyakazi wawili kwa siku mbili tofauti bila kuonekana, hali yake ibadilishwe siku hiyo hiyo, na mpangilio wa kuficha nakala zilizopotea uwashwe. Vilivyoachwa mezani virudishwe rafuni mara mbili kwa siku, saa sita na saa kumi na moja jioni, si asubuhi ya kesho yake.

Vichujio vya pembeni navyo vikaguliwe. Kuna mpangilio katika Koha unaoamua vihesabiwe kutoka rekodi ngapi za mwanzo. Ukiwa kwenye 20, mwenye matokeo 400 anaonyeshwa mada za 20 za kwanza tu, na anadhani hizo ndizo zote.

Tasnifu na miradi ya zamani ndiyo hazina ambayo mwanafunzi wa hapa hataipata Google kwa urahisi, nayo mara nyingi iko kwenye DSpace, tovuti tofauti yenye kisanduku chake. Majarida yako mahali pa tatu. Kumtaka kijana ajue hilo ni kumtwisha mzigo wetu. DSpace hutoa rekodi zake kwa itifaki ya OAI-PMH, na VuFind huweza kuzivuna kila usiku. Tahadhari moja: msichanganye kila kitu katika orodha moja, kwa sababu makala ya majarida ni mengi kupita kiasi na yatavifunika vitabu vyote. Gawanyeni ukurasa kama sinia lenye vigawo: vitabu hapa, tasnifu za chuo pale, makala kwingine, matatu ya kwanza ya kila fungu, na kiungo cha kuona zaidi.

Kuhusu simu hatutasema mengi. Kichwa, mwandishi, mwaka, mahali na hali vionekane bila kusogeza ukurasa. Vitufe viwe na upana wa sentimita moja hivi. Picha za majalada zipakiwe mwisho ili zisile bando la mtu kabla hajajua kama kitabu kipo. Na kipengele cha "je, ulimaanisha" kisitegemee kamusi ya Kiingereza, kitageuza omena kuwa neno jingine. Kitumie maneno yaliyomo kwenye faharasa yenu.

Mkimaliza, wapimeni wanafunzi halisi, si wafanyakazi wa maktaba ambao wamekwisha kuzoea mitego yote. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alishauri watu 5 kwa kila duru, kisha kurekebisha na kurudia, hilo linatosha. Chagueni wawili wa mwaka wa kwanza na watatu wa mwaka wa nne, dakika 30 kila mmoja, kwa simu yake mwenyewe. Mpeni kazi sita: kitabu cha jina lililokosewa herufi, kitabu chochote kuhusu omena, tasnifu ya chuo kuhusu gugumaji, diwani ya Kiswahili, kitabu kilichoazimwa, na kwenda rafuni kuleta kimoja. Usimsaidie. Usimwonyeshe kwa kidole. Andika neno la kwanza aliloandika na mahali alipokwama. Lebo zitakazomkwamisha ni zile zetu za kitaaluma, na Koha inaruhusu zote zibadilishwe.

Baadhi ya wakutubi husema mwanafunzi afundishwe kutafuta, si katalogi ishushwe kiwango. Afundishwe, naam. Lakini S. R. Ranganathan wa India, katika kanuni zake tano za 1931, aliandika kwamba maktaba iokoe wakati wa msomaji, na hakumwekea msomaji sharti la kusoma kwanza uorodheshaji. Somo la saa moja la wiki ya kuwakaribisha wageni haliwezi kuziba pengo la rekodi mbovu 10,000.

Ombi letu kwa wakuu wa maktaba za Nakuru, Kisumu na kaunti jirani: karatasi ya majina iwe moja kwa vyuo vyote. Omena ya Bondo ni omena ya Maseno, na hakuna sababu ya kila chuo kuanza upya. Kwa wahadhiri: tupeni orodha zenu za vitabu wiki tatu kabla ya muhula kufunguliwa, pamoja na msimbo wa kozi. Wanafunzi hutafuta kwa msimbo huo, na sehemu ya vitabu vya kozi katika Koha ina kisanduku chake cha pembeni, kwa hiyo msimbo uandikwe pia ndani ya rekodi ya kitabu. Uandikwe mara mbili, wenye nafasi kati ya herufi na tarakimu na usio nayo, kwa maana wanafunzi huandika yote mawili.

Wakutubi wa uorodheshaji,
Kisumu na Nakuru